Mwaka Niliomtungia Mdogo Wangu Maisha

Mimi nilikuwa mtu wa kudharau madokezo. Dokezo, kwa asiyejua, ni ile mada ndogo anayopewa mwandishi kila siku ili apate pa kuanzia: andika kuhusu mlango usiofungika, andika kuhusu mtu anayengoja mvua iishe. Niliona hayo ni mambo ya watu wasio na la kusema, wanaotaka kutafuniwa. Mwandishi wa kweli, nilijisemea, haamshwi na mtu. Nililisema hilo hadharani, tena kwa majivuno, mbele ya watu waliokuwa wakiandika kila siku wakati mimi sikuwa naandika chochote.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Majengo, mjini, nyuma ya karakana ya mafundi seremala. Niliandikia makala gazeti moja ambalo baadaye lilijifia, na hadithi za watoto kwa ajili ya shule. Halafu mdogo wangu akafariki. Alikuwa anaendesha bodaboda, mvua ikamkuta kwenye kona ya kushukia mjini, matope yakafanya yao. Baada ya kumzika nilikauka. Sikuwa hata na ile huzuni ambayo mtu anaweza kuikalia chini akaiandika. Nilikuwa nikifungua ukurasa mtupu naona aibu, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, basi naufunga, naenda kununua maandazi.

Aliyeniingiza kwenye kundi la madokezo alikuwa mwalimu mstaafu tuliyefahamiana naye gazetini. Hakuniomba ruhusa. Siku moja nilifungua simu nikajikuta nimo, pamoja na watu nisiowajua. Masharti yalikuwa machache: dokezo linaingia alfajiri, unaandika kabla ya kunywa chai, unatuma, na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Anayekaa kimya wiki nzima anatolewa bila kuagwa. Nilibaki kwa ubishi tu. Sikutaka kufukuzwa na watu niliokuwa nawadharau.

Mwanzoni niliandika takataka, nazo zilipokelewa vizuri kama takataka za wengine. Lakini kitu fulani kilikuwa kinalegea. Mtu akikwambia uandike kuhusu kitabu chako, unaogopa. Akikwambia uandike kuhusu sufuria iliyotoboka, hutishiki, unaandika, na ukija kushtuka umeshaingia ndani zaidi ya ulivyokusudia.

Ndipo kumbukumbu za mama zikaanza kuondoka, ikabidi nihamie nyumbani Uru, mlimani. Kaka yangu mkubwa ana familia na kazi Dar es Salaam. Mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo ikaonekana sina shughuli. Nilikasirika, na bado nina hasira hizo, lakini nilipanda. Nilijifunza tena kukata majani ya ng'ombe, kukamua, kumenya ndizi bila kujipaka utomvu mpaka viwikoni. Madokezo nikawa nayajibu jikoni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtori wa ndizi ukichemka, simu ikinukia moshi.

Mama alikuwa amesahau mengi, lakini hakuwa amesahau kwamba ana mtoto wa mwisho. Kila asubuhi, akishapata uji, aliuliza: kitinda mimba wangu yuko wapi?

Siku za kwanza nilimwambia ukweli. Nilidhani mtu mzima anastahili ukweli. Mama akaanguka chini akalia kilio kile kile cha siku ya msiba, na majirani wakaja mbio, khanga zimefungwa viunoni, wakidhani kuna aliyefariki upya. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akaanguka tena. Baada ya siku kadhaa majirani hawakukimbia tena. Walisimama kwenye ua wakatazama, kisha wakarudi kwao. Ilikuwa kama kila asubuhi mtu anamleta mdogo wangu mlangoni, maiti mbichi, na aliyekuwa anamleta ni mimi.

Nesi mmoja mjini akaniambia nisibishane na mgonjwa wa namna ile. Kaka naye akapiga simu. Alisema, "Dada, mpe mama amani yake. Mwambie katoka, basi." Kwa mtu aliye Dar ni rahisi kusema katoka. Aliyepo ndiye anayeulizwa katoka kwenda wapi.

Asubuhi iliyofuata dokezo lilisema: andika kuhusu mtu anayetengeneza kitu kilichovunjika. Nilikuwa sijaandika bado. Mama akamaliza uji, akafuta mdomo, akauliza. Nikamwambia amekwenda kutengeneza paa la kanisa huko chini, upepo uling'oa mabati. Mama akafikiri. Akauliza nani anamshikia ngazi. Nikamwambia katekista. Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuzike, akasema katekista mwenyewe anaogopa kupanda hata kiti. Nikarudi jikoni nikaandika yote hayo kama nilivyoyasema, na kicheko chake humo humo. Kundi zima likaamka. Mwalimu aliandika kwamba sasa amenipata.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Dokezo linaingia, mama anauliza, namjibu kwa dokezo, kisha naandika jibu. Dokezo likisema nyuki, mdogo wangu amekwenda kurina asali kwa mtu wa Kibosho. Likisema lugha ngeni, yuko kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, anaishi na watu waliotoka mikoa mingine, wanamfundisha nyimbo zao na yeye anakosea maneno. Likisema reli, anajifunza kuendesha treni. Wenzangu kwenye kundi walianza kumuulizia kama ndugu yao. Hakuna aliyejua kwamba kijana wangu yumo kaburini. Sikuwaambia, na wao hawakuuliza, kwa sababu katika kundi lile tulikuwa tunaandika hadithi.

Mama ndiye aliyekuwa mhariri. Alisahau kama amekula, akasahau jina la mwezi, lakini nikimlisha mdogo wangu samaki kwenye hadithi ananikatiza papo hapo: huyo hali samaki, tangu utoto anatapika. Nikimvalisha viatu vya ngozi anasema vitamuumiza, kidole chake kidogo cha mguu wa kulia kimepanda juu ya mwenzake. Mimi dada yake nilikuwa sijui habari ya kile kidole. Kila asubuhi nilipewa kipande kingine cha mtu ambaye nilimzika bila kumjua vizuri, na kila asubuhi nikakitia kwenye maandishi. Nilikuwa na furaha. Nalisema bila kuona haya. Watu wanaoniambia leo kwamba nilimdanganya mgonjwa wangekuja kukaa naye wao, wamwambie ukweli wao kila kukicha, halafu ndipo tuzungumze.

Shida ilikuwa kaburi. Kwetu maiti hapelekwi mbali. Anazikwa nyumbani, ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, chini ya migomba. Babu yuko pale, baba yuko pale, na mdogo wangu aliwekwa karibu zaidi na mlango wa jikoni kuliko wote, kwa sababu alikuwa kitinda mimba, na kwa mila yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi na nyumba ni yake. Tulimjengea vigae vyeupe na msalaba wenye jina lake lote. Huwezi kumwambia mama kwamba mtoto yuko juu ya paa la kanisa wakati jina lake limeandikwa pale anapopita akienda kumtazama ng'ombe.

Nikatandika turubai juu ya kaburi. Msalaba nikauvika gunia, nikauzungushia kamba. Ulikuwa msimu wa kahawa, kwa hiyo juu ya turubai nikamwaga kahawa tuliyokwisha kuimenya na kuiosha, ionekane nimeianika. Mama hakupendezwa. Alisema kahawa haianikwi chini hivyo, inaanikwa juu ya wavu ipate upepo. Nikamwambia wavu umetoboka. Alinung'unika, lakini kazi ni kazi. Akawa anakuja kila jua likitoka, anapiga magoti pembeni ya turubai, anaigeuza kahawa kwa viganja, anaokota punje mbovu anatupa kwa kuku, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Chini ya mikono yake alikuwamo mwanawe. Kuna asubuhi nilishindwa kutazama, nikaingia bandani nikakaa na ng'ombe mpaka alipomaliza.

Nilipokuwa nimekaa humo bandani nilikuwa natafuta sentensi ya kwanza ya siku hiyo. Hilo nalo ni kweli, na sitalificha ili nionekane mtu wa huruma kuliko nilivyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliandika kila siku, hata nikiwa na homa, hata siku ng'ombe alipozaa vibaya na ndama akafa. Mwalimu alikuwa ameanza kusema tukusanye hadithi za kijana huyu ziwe kitabu. Nilimhitaji mdogo wangu awe hai kuliko hata mama alivyomhitaji.

Basi nikamtembeza kila mahali, nikasahau Disemba.

Mtu wa mkoa mwingine anaweza asilione kosa hapo. Kwetu mtu anaweza kupotea mwaka mzima, simu haipokei, salamu hatumi, na hakuna atakayemlaumu sana. Lakini Krismasi inamkuta mlimani. Magari yanapanda kutoka Dar, Arusha, na kote walikotawanyika, barabara inajaa, na kila kihamba kinasikika watu. Asiyepanda Krismasi ni aliye hospitali, aliye gerezani, au aliyekufa. Mimi mtoto wa hapa hapa, niliyelelewa na kelele hizo, nilimtunga Mchaga mzima mwenye afya, mwenye kazi, mwenye miguu yote miwili, na sikujiuliza Krismasi nitamweka wapi.

Tena dokezo likaniponza. Siku chache kabla ya sikukuu, mwalimu alituma: andika kuhusu safari ya kurudi nyumbani. Vidole vilikwenda vyenyewe. Mama alipouliza nikamwambia yuko njiani. Nikamwambia na alichobeba: kitenge cha mama, na redio ndogo. Niliiona sura yake ilivyofunguka. Nikaandika hadithi ambayo kundi lote liliisifu kwamba ndiyo bora kuliko zote, na sikukaa chini kufikiri kwamba njia ina mwisho wake na mtu aliye njiani hufika.

Kaka akaja na mke na watoto. Shangazi wakaja, binamu wakaja. Mbuzi akachinjwa kihambani juu ya majani ya migomba, kaka akasimamia mgawo kama baba alivyokuwa akifanya, mama akaletewa kidari chake. Mama akauliza fungu la kitinda mimba. Watu wakatazamana. Mimi nikachukua nyama nikaiweka kwenye sahani, kwa sababu nilikuwa sina namna. Mama akaifunika kwa jani la mgomba, akaiweka karibu naye, akasogeza kiti chake barazani mahali anapoweza kuiona njia. Hakutaka kuingia ndani. Kila gari lililopanda alinyanyuka. Watoto wa kaka walikuja kumwamkia, "Shikamoo bibi," akawaitikia bila kuwatazama, macho yako njiani.

Kesho yake alikaa tena pale pale. Nyama ikaanza kunuka, akakataa isiondolewe. Kaka akanivuta nyuma ya nyumba akaniuliza nimemwambia nini mama. Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema yatapita, atasahau kama anavyosahau mengine, na mimi nikataka kumwamini kwa sababu ilikuwa rahisi.

Siku wageni walipoanza kufunga mizigo, mama alituita sote sebuleni. Alikuwa amevaa vizuri, amejitanda khanga. Akili yake siku hiyo ilikuwa shwari, na kwa hilo sijapata kusamehe ugonjwa ule.

"Mmekuja wote," alisema. "Hata wa mbali mmekuja. Yule niliyemwachia nyumba hii amenidharau. Nikifa, asishike udongo wa kaburi langu."

Kwetu mzazi akinena hivyo mtu haendi kulala akasema ni maneno tu. Mke wa kaka alitoka nje analia. Mama akaomba ile sahani ya nyama wapewe mbwa.

Hakusahau. Kaka alikosea, na nesi alikosea, na mimi nilikosea kuliko wote. Ule ugonjwa ulibeba habari tu. Uchungu uliuacha. Mama alipoteza habari ya Krismasi yenyewe, hakujua tena kwamba watu walikuja na mbuzi akachinjwa, lakini alibaki na maneno aliyoyanena, na hakika kwamba mwanawe wa mwisho amemtupa. Hakuuliza tena yuko wapi. Asubuhi nilikuwa nikipeleka uji, natanguliza hadithi bila kuulizwa: gari liliharibika, tajiri wake alimkatalia ruhusa, alikuwa na malaria. Niliyatumia madokezo yote ya wiki kumtetea. Mama aligeukia ukutani. Mtu mwema niliyemtunga miezi yote ile, aliyemcheka katekista na kukosea nyimbo za watu, alikuwa amegeuka mtoto mbaya bila mimi kuandika hata neno moja baya juu yake. Na mwenyewe alikuwa amelala pale chini ya turubai, hajamkosea mtu.

Januari kifua kikambana. Tukampeleka hospitali, akakaa, kisha madaktari wakasema kwa upole kwamba tunaweza kurudi naye nyumbani. Nilielewa maana yake. Padri alipanda kumpa Mpako wa Wagonjwa. Ndiye aliyemzika mdogo wangu, kwa hiyo alijua yote. Akamwuliza mama kama amewasamehe wote waliomkosea. Mama akajibu kwamba wote, isipokuwa mmoja. Padri akamwuliza tena, taratibu, akijaribu kumpitisha pembeni. Mama akasema, "Nimesema mmoja, Baba. Nimekusikia." Padri alipotoka aliniambia kwamba jambo hilo ni letu sisi wawili, mimi na mama, na kwamba muda si mwingi. Nilimchukia kwa siku nzima.

Tuna mmea unaitwa masale, una majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani na kuzunguka makaburi. Mtu aliyekosa sana akitaka msamaha huchuma jani lake, isale, akampelekea aliyemkosea. Anayeletewa isale hakatai. Anaweza kuwa na hasira za miaka, anaweza kulia, lakini hakatai. Mama mwenyewe aliwahi kulipokea kutoka kwa jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba tangu mimi sijazaliwa, na kuanzia siku hiyo wakawa wanasaidiana kuchuma kahawa.

Nikaenda kaburini kwa mdogo wangu, nikachuma isale kwenye masale yake mwenyewe, nikalifunga fundo kama inavyopasa, nikaingia nalo chumbani. Kulikuwa kumekucha vizuri, jua liko kitandani kwake. Nilipiga magoti. Nikamwambia nimemletea isale kutoka kwa mwanawe wa mwisho.

Alilitazama muda mrefu. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Amenituma mimi, mama."

"Isale la mtu mzima halibebwi na dada yake," alisema. "Ana miguu. Aje nalo mwenyewe."

Asubuhi ile dokezo lilikuwa: andika kuhusu mtu aliyechelewa. Na hadithi ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Amevunjika miguu, mama, yuko kitandani, ameandika kwa machozi. Niliiona yote, mwanzo hadi mwisho, na niliona kwamba ni nzuri, pengine nzuri kuliko ile ya safari, na nikajichukia kwa jinsi nilivyofurahi kuiona. Mama angeniamini. Angelipokea isale, angekufa na amani, na mimi ningekuwa na hadithi ya kutuma. Sijui hasa kilichonizuia. Nadhani nilichoka tu kumwona mdogo wangu akiombewa radhi kwa makosa niliyomtungia mimi.

"Hana miguu ya kuja nalo," nikasema. "Alifariki, mama. Tulimzika hapa nyumbani."

Nikajikaza kusubiri kile kilio. Hakikuja. Pengine hakuwa na pumzi za kukitosha. Alilala akitazama dari, mkono wake mmoja unachezea ukingo wa blanketi.

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyemchagulia shati. Lile la bluu la mikono mirefu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali kwamba shati lilikuwa zuri. Kisha akasema, "Na mimi nimemnenea maneno yale." Nilimwambia hakujua. Alisema kujua au kutojua, ameyanena, na aliyenenewa hakuwa amefanya kosa. Akanyoosha mkono. "Nipe hilo isale. Mimi ndiye wa kulipeleka."

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikuwa nageuza shingo kuhakikisha yupo. Nikamkalisha pembeni ya kaburi kwenye kiti cha plastiki, nikaifungua kamba, nikalivua gunia, nikalivuta lile turubai na uchafu wake wote wa miezi. Vigae vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Mama aliinama mpaka nikaogopa ataanguka, akaweka isale chini ya jina, akasema naye kwa Kichaga. Aliyoyasema nayaacha hapo kwa mwenyewe aliyeambiwa.

Tukakaa. Kuku walikuja, wakapekua, wakaondoka. Halafu akaniuliza kama siku ile ya mazishi alilia.

"Ulilia sana. Watu walikushika."

"Na wewe?"

Nilianza kumweleza. Kwamba siku ile nilikuwa kwenye masufuria, ndizi za kumenya zilikuwa nyingi na wanawake wachache. Kwamba viti havikutosha nikaenda kuazima. Kwamba simu zilikuwa zinaita, kila mtu anauliza njia. Kwamba baada ya hapo nilishuka Majengo, nikakauka, halafu nikaanza kuandika. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yanavyokwenda, na nikanyamaza kabla sijamaliza.

"Basi lia sasa," mama akasema. "Mimi kesho nitakuwa nimesahau."

Nililia. Nililia kwa sauti, vibaya, mpaka majirani wakaja kwenye ua, nao safari hii hawakurudi kwao. Mmoja akaja akasimama nyuma yangu, mwingine akambeba mama akamrudisha kitandani.

Kesho yake niliamka macho yamevimba hayafunguki vizuri. Dokezo liliingia, sikulisoma. Nikampelekea mama uji. Alinitazama, akaweka kijiko chini, akaniuliza nimefiwa na nani.

"Na mdogo wangu," nikamwambia.

"Pole sana, mwanangu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyowashika wafiwa tukienda kuwapa pole. Kisha akauliza, "Na mama yake, anaendeleaje?"

Nikamwambia mama yake alimpelekea isale jana.

"Basi vizuri," akasema, akachukua kijiko chake.